UZI: Bima ya mwavuli: inaongeza nini juu ya sitika na bima kubwa, na hapa Uganda unaipataje?

#1 MjengoKira
Wanabaraza, hamjambo. Swali hili ni kwa mawakala, mawakili na watu wa madai. Tuseme mtu ana gari dogo lenye bima kubwa (ile inayolinda na gari lenyewe), pikapu inayoendeshwa na dereva wa kuajiriwa, nyumba ya kuishi Kira yenye mbwa wawili na ukuta mrefu wa tofali, na vyumba vinane vya kupangisha kule Kyaliwajjala (mizigo, kama tunavyoita huku, wa Mombasa msidhani ni masanduku). Wenzetu walioko Marekani wanasema wao hukata "bima ya mwavuli" ya dola milioni moja na kulala usingizi. Ni kitu gani hasa? Hapa Uganda ipo? Na kama haipo dukani, mtu afanyeje? Naomba tusiishie kwenye "muone wakala wako". Nataka namba na vifungu.

#2 DalaliBima256
Karibu ndugu. Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea. Bima ya mwavuli haikulipi wewe. Haitengenezi gari lako, haijengi paa lako, wala haikutibu. Ni bima ya dhima: inamlipa yule uliyemuumiza au uliyemharibia mali, kwa kuwa sheria inasema deni hilo ni lako.

Inakaa juu ya bima nyingine. Chini kuna bima ya gari na bima ya nyumba, kila moja na kikomo chake. Dai linakula kikomo cha chini kwanza. Kikiisha, mwavuli unaanza kulipa pale kilipoishia. Mfano wa Kimarekani: mahakama inamwamuru dereva kumlipa majeruhi mmoja dola 850,000. Bima ya gari ina kikomo cha 250,000 kwa mtu mmoja. Hizo zinatoka kwanza, halafu mwavuli wa milioni moja unatoa 600,000. Bila mwavuli, hizo 600,000 zinatafutwa kwenye nyumba, akiba na mshahara wake.

Kazi ya pili watu huisahau. Mwavuli halisi unashuka chini pia. Kuna madai ambayo bima ya gari na ya nyumba hazina habari nayo kabisa, kama kumchafulia mtu jina au kumzuia mtu isivyo halali. Mwavuli ukiyataja hayo ndani ya maneno yake, unalipa kuanzia chini, baada ya wewe kubeba kiasi kidogo mlichokubaliana. Hapa ndipo unapotofautiana na ile bima ya ziada ya kawaida, ambayo inafuata maneno ya bima ya chini neno kwa neno: ya chini ikikataa, nayo inakataa. Kwa jicho la haraka karatasi zote mbili zinafanana, na wauzaji wengine hutumia jina moja kwa zote.

#3 Wakili_Jinja
Niongeze upande wa Uganda kabla hatujapanda ndege.

Sitika iliyoko kwenye kioo cha gari inatokana na sheria ya bima ya lazima ya magari ya 1989. Inahusu kifo na majeraha ya mwili ya watu wengine, basi. Ukigonga gari la mtu, duka la mtu au ng'ombe wa mtu, sitika haitoi hata shilingi. Na hata kwa majeraha, kiwango kilichoandikwa katika sheria hiyo ni shilingi milioni moja kwa mtu mmoja. Milioni moja! Mguu uliovunjika na kuwekewa chuma unaimaliza kabla mgonjwa hajatoka wodini.

Lakini mahakama haifungwi na kiwango hicho inapopima hasara ya majeruhi. Anaweza kudai gharama za matibabu, kipato kilichopotea, maumivu, na matunzo ya baadaye. Dai lisilozidi milioni 50 linaweza kwenda kwa hakimu mkuu. Likizidi linakwenda Mahakama Kuu, ambako hakuna dari. Muda wa kushtaki kwa majeraha yaliyotokana na uzembe ni miaka 3. Kwa uharibifu wa mali ni miaka 6. Kwa hiyo "mbona mwaka umepita kimya" si ushahidi kwamba yameisha.

Na yule dereva wa pikapu: akigonga mtu akiwa katika kazi yako, anashtakiwa yeye na wewe pamoja. Atakayekamuliwa ni mwenye nyumba Kira.

#4 KamwokyaBoi
Jamani, nani huku anashtaki? Mambo yanaishia kwa LC1 (baraza la kijiji), mnatoa kidogo, mnanunua soda, yamekwisha. Hizo ni biashara za wazungu.

#5 Wakili_Jinja
Bwana Kamwokya, mengi yanaishia hapo kweli, na mengine yanarudi. Karatasi ya LC1 isiyosema kwamba malipo ni ya mwisho na yanafuta madai yote haimzuii majeruhi kwenda mahakamani mguu ukianza kuoza. Inakuwa kielelezo dhidi yako: umekiri. Tena dai la mtoto ni jambo jingine kabisa, saini ya mjomba kwenye daftari la kijiji haikutoshi kuliua. Hilo la kukiri mwenzetu FundiMadai ataligusa, maana ndilo linaloua bima nyingi.

#6 UG_Waltham
Kwa namba za huku Massachusetts. Mwavuli wa mtu binafsi unauzwa kwa vipande vya dola milioni moja. Milioni ya kwanza kwa familia yenye nyumba moja na magari mawili kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa kuwa kati ya dola 150 na 300 kwa mwaka, na kila milioni ya ziada ni nafuu kuliko ya kwanza. Siku hizi bei zimepanda, hasa kwa nyumba yenye kijana anayeanza kuendesha, bwawa la kuogelea au trampolini.

Kwa nini ni rahisi hivyo? Kwa sababu kampuni inakulazimisha kwanza ujaze chini. Sharti la kawaida ni bima ya gari ya 250,000 kwa mtu mmoja, 500,000 kwa ajali moja na 100,000 kwa mali, pamoja na bima ya nyumba yenye dhima ya 300,000. Madai mengi yanafia humo humo, mwavuli hauguswi. Linganisha na kiwango cha chini cha sheria: Massachusetts ilipandisha Julai 2025 hadi 25,000 kwa mtu, 50,000 kwa ajali, 30,000 kwa mali. Mtu anayeendesha kwa kiwango hicho hauziwi mwavuli mpaka apandishe.

Kitu kingine kizuri: kwa mikataba mingi ya huku, gharama za mawakili wa kukutetea ziko nje ya kikomo. Milioni inabaki milioni hata kesi ikichukua miaka mitatu.

Visivyomo: ulichofanya kwa makusudi, biashara yako, kazi yako ya kitaaluma, mali yako mwenyewe, dhima uliyojitwika kwa mkataba, na fidia ya wafanyakazi. Anayebeba abiria kwa programu ya simu asidhani mwavuli wa nyumbani utamfuata huko.

#7 NnyaboMukono
Na Uingereza? Ndugu wengi wako huko na sijasikia wakiitaja.

#8 UG_Waltham
Dada, huko haina kazi kubwa. Sheria ya Uingereza inataka bima ya gari isiwe na kikomo kwa majeraha ya watu, na bima za nyumba kwa kawaida zinabeba dhima ya pauni milioni moja au mbili hivi. Mwavuli ulikua Marekani kwa sababu huko vikomo vya chini ni vidogo na hukumu ni kubwa. Uganda tuna la kwanza kwa kiwango cha kuchekesha.

#9 DalaliBima256
Sasa swali la pili la MjengoKira. Kwa jina la mwavuli wa mtu binafsi, usitarajie kuukuta kaunta kama sitika. Makampuni ya hapa huuza tabaka za juu za dhima kwa wakandarasi, viwanda na mahoteli. Kwa mtu binafsi unaujenga mwenyewe kwa vipande, halafu unaomba kipande cha juu kiandikwe kwa ajili yako. Inawezekana. Inahitaji dalali anayejua kuandika, si wa kujaza fomu tu.

Na msijaribu njia ya mkato ya kumwambia binamu aliye Boston aingize nyumba ya Kyaliwajjala kwenye mwavuli wake. Sheria ya Bima ya 2017 inataka hatari iliyoko Uganda ikatiwe kampuni yenye leseni ya hapa, isipokuwa kwa idhini ya mamlaka ya bima, IRA. Mwavuli wa Kimarekani mara nyingi unakufuata duniani unapotembea wewe, ndiyo. Lakini jengo la kupangisha ambalo halikutajwa kwenye orodha, na ambalo halina bima ya chini, halimo.

Vipande vyenyewe, kwa mtu wa mfano wetu:

Gari dogo na pikapu. Fungua ukurasa wa jedwali wa bima kubwa, si kitabu cha maneno. Tafuta mistari miwili: kikomo cha mali ya watu wengine, na kikomo cha kifo na majeraha kwa mtu mmoja na kwa tukio. Wengi wanashtuka kuona kikomo cha mali hakitoshi hata kununua gari jipya la wastani. Kinaongezwa kwa nyongeza ya malipo, na nyongeza hiyo kwa kawaida ni ndogo ukilinganisha na bei ya bima yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa unayolipa inanunua ulinzi wa gari lako. Angalia pia mstari wa matumizi. Pikapu iliyoandikwa "binafsi" kisha ikabeba saruji ya wateja kwa malipo ni mgogoro unaosubiri siku.

Nyumba ya kuishi. Pakeji ya nyumbani kwa kawaida ina sehemu sita: jengo, vyombo, vitu vya kutembea navyo, wafanyakazi wa nyumbani, dhima ya mwenye jengo, na dhima ya anayeishi humo pamoja na ile ya binafsi. Watu hununua mbili za kwanza na kuziacha tatu za mwisho ili kuokoa pesa kidogo. Hizo tatu ndizo uzi huu unazozungumzia. Na bima ya moto uliyopewa na benki pamoja na mkopo wa nyumba si pakeji. Ile inalinda rehani ya benki. Jirani akiangukiwa na ukuta wako haina neno.

Vyumba vinane. Hivyo ni biashara. Dhima ya mwenye jengo ya kwenye pakeji inahusu nyumba unayoishi. Vyumba vinahitaji bima yao ya dhima kwa umma, anwani ikiwa imeandikwa, idadi ya vyumba, na matumizi. Kama chumba cha mbele ni cha kuuza gesi ya kupikia, sema. Usiposema, umempa mkaguzi wa madai sababu ya bure.

Wafanyakazi. Tutarudi.

Kisha tabaka la juu, mfano shilingi milioni 300 au 500, juu ya vyote hivyo. Maombi yake yaandikwe na orodha ya bima za chini: namba ya mkataba, kampuni, kikomo, tarehe ya kwisha. Rahisi zaidi vyote vikiwa kampuni moja na tarehe moja ya kwisha. Juu ya bei ya msingi kuna ada ya mafunzo ya bima asilimia 0.5, VAT asilimia 18, na ushuru wa stempu. Uliza jumla, usiulize bei.

#10 FundiMadai
Nimesoma yote, nakubaliana na mengi. Ngoja nioneshe yanavyovunjika, maana mwavuli hukatika pale unapoungana na fimbo.

Chukua pikapu. Namba hizi ni za mfano tu. Imeigonga teksi, zile za abiria 14, barabara ya Jinja. Watu watatu wameumia na teksi imekwisha. Mahakama inapima: wa kwanza milioni 180, wa pili 60, wa tatu 25, teksi 45. Jumla 310.

Majeraha ni 265. Sitika inatoa 3, moja kwa kila mtu. Zinabaki 262. Bima kubwa ina kikomo cha 100 kwa tukio kwa majeraha, inatoa hizo. Zinabaki 162. Upande wa mali, kikomo ni 20, teksi ni 45, zinabaki 25. Mwenye pikapu anadaiwa 187, na bado sijaweka gharama za kesi na riba.

Sasa tuseme ana tabaka la juu la milioni 300. Amepona? Inategemea sentensi moja. Kama limeandikwa "juu ya milioni 100 kwa majeraha na milioni 20 kwa mali", linalipa 162 na 25, amepona. Kama limeandikwa tu "juu ya milioni 100 kwa tukio" na kila aina ya hasara inapimwa peke yake, mali haijafika 100, haitafika kamwe, na zile 25 ni zake. Zaidi ya hapo, kampuni inaweza kuhesabu kwamba kati ya 20 na 100 palipaswa kuwa na bima na hapakuwa nayo. Pengo hilo ni la mwenye bima. Tabaka la juu halishuki kuziba pengo ulilolitengeneza mwenyewe.

Ndivyo ilivyo Marekani pia. Kwenye ule mfano wa 850,000, kama mtu alipunguza bima ya gari hadi 100,000 ili kuokoa pesa, gari linatoa 100,000, yeye anatoa 150,000 mfukoni, ndipo mwavuli unatoa 600,000 zake zile zile.

Pengo la pili ni tarehe. Bima ya gari imeisha tarehe 14, ya juu inaisha tarehe 30, ajali tarehe 20. Ya juu bado hai, lakini inajifanya kwamba ya chini ipo na imelipa kikomo chake chote. Hizo za chini zote ni zako.

Pengo la tatu, kikomo cha tukio na kikomo cha mwaka. Dhima kwa umma ya "milioni 100" inaweza kuwa milioni 100 kwa kila tukio, au milioni 100 kwa mwaka mzima hata matukio yakiwa manne. Kama ni ya mwaka na dai la Machi limekula 70, la Septemba linakuta 30. Hakikisha tabaka la juu linasema wazi kwamba linaanza kulipa kikomo cha mwaka kinapopungua au kuisha kwa madai halali. Neno "kupungua" liwepo. "Kuisha" pekee lina ubishi wake.

La nne, gharama za utetezi. Ziko ndani ya kikomo au nje? Hapa kwetu utakuta zote mbili. Kikomo cha 50 kikiwa na mawakili ndani, kesi ya Mahakama Kuu yenye madaktari wa kutoa ushahidi inakimega vizuri tu kabla majeruhi hajaona kitu.

#11 MjengoKira
FundiMadai, asante sana mzee. Hapo kwa sentensi moja ningelala chini. Nina matatu: mbwa, ukuta, na dada wa kazi na askari wa geti.

#12 FundiMadai
Mbwa: dhima ya binafsi kwa kawaida inawabeba mbwa wa nyumbani, lakini tafuta maneno ya kutenga mbwa wa ulinzi au mbwa waliowahi kuuma. Mbwa aliyemuuma mtu mwaka jana na ukajaza fomu bila kusema ni udanganyifu wa taarifa. Weka kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na karatasi za bima, na kibao getini. Kibao hakifuti dhima. Kinaonesha tu ulichukua tahadhari.

Ukuta: bima inabeba ajali, haibebi kasoro uliyoijua ukaiacha. Ukuta uliopasuka, jirani akakuandikia barua, mvua ya Aprili ikaja ukaangukia vyumba vyake: barua ile ndiyo kesi. Weka mashimo ya kutolea maji chini ya ukuta, maana ukuta mwingi wa Kampala huangushwa na maji yanayojaa nyuma yake kwenye mteremko. Matofali hayana kosa. Na ukiwa unajenga au kuongeza ghorofa, pakeji ya nyumbani inajitoa. Kipindi hicho unahitaji bima ya ujenzi yenye sehemu ya pili, ya watu wengine, na uhakikishe majengo ya jirani yametajwa pamoja na hatari ya mtetemo na kuondoa mhimili wa udongo. Piga picha nyufa za jirani kabla fundi hajachimba msingi.

#13 Wakili_Jinja
Wafanyakazi ni hadithi nyingine, wasichanganywe na mwavuli. Dhima kwa umma inawatenga walioajiriwa na wewe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000 haimruki dada wa kazi, shamba boi wala dereva. Akiumia kazini au kutokana na kazi unawajibika hata kama hukukosea chochote. Kifo au ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 60. Dereva wa laki sita kwa mwezi: milioni 36. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri awe na bima, na wengi wa majumbani hawana.

Lakini kiwango hicho cha miezi 60 hakimfungi anayedai uzembe kwa njia ya kesi ya kawaida. Ngazi mbovu, umeme usio na waya wa ardhi, akaanguka kwenye tangi: anaweza kushtaki kwa fidia kubwa zaidi. Kwa hiyo sehemu ya wafanyakazi iombwe na nyongeza ya dhima ya mwajiri, na hiyo nyongeza iorodheshwe chini ya tabaka la juu.

Askari wa kampuni ya ulinzi mwenye bunduki si mfanyakazi wako. Soma mkataba wao. Ukikuta kifungu kwamba mteja atabeba madai yote yatokanayo na huduma, kifute kabla ya kusaini, kwa kuwa dhima uliyojitwika kwa saini bima nyingi zinaitupa nje. Omba nakala ya bima yao ya dhima kwa umma, na tarehe yake.

#14 KamwokyaBoi
Haya, nimenyamaza kidogo. Na mtu akivuka Malaba na gari?

#15 DalaliBima256
Sitika ya Uganda inaishia mpakani. Unachukua Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) kwa kampuni yako kabla ya safari, na inafanya kazi Kenya, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na kwingine, hata Tanzania ambayo ilitoka COMESA lakini imebaki kwenye mpango wa kadi. Inalipa dhima ya lazima kwa sheria ya nchi ya ajali. Haitengenezi gari lako. Hilo unaomba bima kubwa ipanuliwe kimaandishi kwa nchi na siku. Na tabaka la juu nalo liwe na eneo hilo hilo. Nyongeza ya gari ikisema Afrika Mashariki na tabaka la juu likasema "Uganda pekee", ukishavuka Busia una bima ya chini tu.

#16 NnyaboMukono
Kuchafua jina je? Vikundi vya WhatsApp vya mtaa vina moto siku hizi.

#17 DalaliBima256
Mwavuli wa Kimarekani mara nyingi unabeba. Pakeji za hapa kwa kawaida hazibebi, ni lazima uombe iandikwe, na kampuni nyingi zitakataa kwa mtu binafsi. Mjumbe wa bodi ya SACCO au kamati ya ujenzi wa kanisa naye asitegemee bima ya nyumbani. Hiyo ni bima ya viongozi wa taasisi, inunuliwe na taasisi. Faini za jinai hakuna anayebeba.

#18 FundiMadai
Nimalizie lile la siku ya ajali, Wakili alinitupia.

Mpeleke majeruhi hospitali, hilo halingoji ruhusa ya mtu. Ripoti polisi, upate namba ya kesi, na gari likakaguliwe kabla ya kuhamishwa popote. Piga picha za alama za breki, namba za magari na majina ya walioona. Siku hiyo hiyo iarifu kampuni ya gari na kampuni ya tabaka la juu, zote mbili, hata kama unaona dai ni dogo. Watu huiarifu ya chini pekee, halafu baada ya mwaka na nusu majeraha yanakuwa makubwa na ya juu inasema "hatukujua". Tuma kwa barua pepe ili kuwe na tarehe.

Usiseme "nitalipa kila kitu". Usisaini daftari. Sharti la karibu kila bima ya dhima ni kwamba hutakiri, hutaahidi wala kulipa bila idhini ya kampuni.

Ukiletewa hati ya mahakama, hesabu siku. Una siku 15 tangu kukabidhiwa kuwasilisha utetezi. Ipeleke kwa kampuni siku hiyo hiyo kwa mkono, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Hati iliyokaa siku 20 kwenye droo inazaa hukumu ya upande mmoja, na kampuni ina haki ya kuuliza kwa nini ilipe hukumu ambayo haikupewa nafasi ya kuipinga. Wakikataa dai kwa sababu usizozielewa, omba kukataa kwao kwa maandishi na kifungu kitajwe, kisha upeleke malalamiko IRA. Lakini siku 15 haziisubiri IRA, utetezi uwasilishwe huku mkibishana.

#19 MjengoKira
Moja la mwisho. Mila zetu mnazijua. Mtu amefariki, huwezi kukaa nyumbani kwa sababu bima imesema usikiri. Rambirambi unapeleka vipi?

#20 Wakili_Jinja
Peleka, ndugu, hakuna bima inayokataza utu. Mpigie kwanza mtu wa madai, umwambie kiasi, upate jibu lake kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu. Kisha kwenye bahasha au karatasi ya kupokelea iandikwe: "Mchango wa mazishi, umetolewa kwa huruma, bila kukiri kosa na bila kuathiri haki za upande wowote." Mzee wa familia asaini kupokea, na shahidi wa LC1. Kama familia inataka kuandika "fidia" mahali pa "mchango", kataa kwa upole, na umwachie mzee wa upande wako aongee. Bili ya hospitali vivyo hivyo: lipa moja kwa moja hospitalini, chukua risiti yenye jina la mgonjwa, usimkabidhi mtu pesa taslimu. Risiti hiyo inaweza kupunguzwa kwenye hukumu baadaye. Pesa iliyopita mikononi mwa shemeji haihesabiki.

#21 FundiMadai
Na nakala ya hiyo risiti uitume kwa kampuni zote mbili. Zote mbili, MjengoKira.